Mpangilio si Pambo: Maoni Yetu kuhusu Mtindo wa Uandishi wa Kisayansi

Katika sura zilizotangulia tumechambua ngeli za nomino, upatanisho wa kisarufi, nyakati na kauli za kitenzi. Mwalimu tarajali aliyezisoma kwa makini anaweza kudhani kwamba kazi ya mambo hayo inaishia kwenye karatasi ya mtihani wa sarufi. Sisi tunaona kwamba yanaanza kufanya kazi yao hasa siku anapoandika ripoti yake ya kwanza ya utafiti, kwa kuwa katika maandishi ya kisayansi kiambishi kimoja kinaweza kutenganisha jambo lililopimwa na jambo lililodhaniwa tu. Sura hii, tofauti na nyingine, ni ya maoni. Msomaji ana ruhusa ya kutofautiana nasi, mradi atoe sababu.

Hoja tunayoitetea ni moja. Mtindo na mpangilio wa maandishi ya kisayansi vina thamani kwa kadiri vinavyomwezesha msomaji kujua nani alifanya nini, kwa njia gani, na kwa uhakika wa kiasi gani. Kanuni inayotimiza kazi hiyo tuishike bila kulegea. Kanuni isiyoitimiza tuifuate kwa adabu, kwa sababu taasisi inaitaka, lakini tusiigeuze kuwa kipimo cha akili ya mwanafunzi.

Maji yaliyochemka kwa nyuzi 95

Mwaka mmoja tulitaka kuwazoeza wanachuo wetu matumizi ya nyakati katika ripoti. Tuliazima vipimajoto kwa wenzetu wa idara ya sayansi, tukawagawa wanachuo katika makundi, tukawaagiza wachemshe maji, wapime halijoto yake yanapochemka, kisha waandike ripoti fupi kwa Kiswahili yenye utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Chuo chetu kiko katika nyanda za juu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani, na maji huchemka kwa karibu nyuzi 95 za Selsiasi.

Ripoti zilipofika mezani, makundi kadhaa yalikuwa yameandika kwamba maji yalichemka kwa nyuzi 100. Tunakiri kwamba hatukulitambua kosa hilo mara moja. Tulikuwa tumeshughulika na mambo mengine: pambizo, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, vichwa vya habari vilivyokolezwa wino. Ripoti iliyopata alama za juu kabisa ilikuwa safi kwa macho, na matokeo yake hayakuwa ya kweli. Ripoti nyingine, iliyoandikwa kwa mkono na kujaa ufutaji, ilieleza kwamba kipimajoto kilisoma nyuzi 95 mara tatu mfululizo. Hiyo tuliipa alama za chini.

Siku ya kurudisha kazi, mwanachuo mmoja wa kundi hilo la pili alinyanyuka akauliza: "Samahani, mwalimu. Sisi tuliona 95 na tukaandika 95. Wenzetu nao waliona 95, maana tulikuwa meza moja. Kwa nini wameandika 100?" Mmoja wa wenzake alijibu kabla yetu: "Kwa sababu kitabu kinasema 100."

Tumelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi. Yule mwanachuo hakuwa mwongo kwa tabia. Aliamini kwamba kazi ya ripoti ni kufanana na kitabu. Nasi, kwa namna tulivyosahihisha, tulikuwa tumemfundisha hivyo hivyo.

Hapa ndipo sarufi ingeweza kumwokoa. Kitabu kinaposema "Maji huchemka kwa nyuzi 100", kiambishi hu- kinaeleza mazoea, yaani jambo ambalo hutokea kila mara masharti yake yanapotimia, na sharti mojawapo hapa ni kanieneo ya hewa iliyopo kwenye usawa wa bahari. Mwanachuo anapoandika "Maji yalichemka kwa nyuzi 95", kiambishi -li- kinaeleza tukio moja, mahali pamoja, siku moja. Sentensi hizo mbili hazipingani. Anayeijua tofauti ya hu- na -li- hana haja ya kuchagua kati ya kitabu na macho yake: ataandika aliyoyaona kwa -li- katika sehemu ya matokeo, atataja kanuni ya jumla kwa hu- katika utangulizi, kisha katika mjadala ataeleza kwa nini tarakimu hizo mbili zinatofautiana.

Tazama pia jinsi mpangilio wa ripoti unavyoshirikiana na viambishi hivyo. Mgawanyo wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, ambao ulienea katika majarida ya sayansi ya dunia katika karne ya 20, hutenga mahali pa tuliyoyaona na mahali pa tunayoyafikiri. Mtu akichanganya matokeo na mjadala, msomaji hawezi tena kujua kipi kilisomwa kwenye kipimajoto na kipi kilitoka kichwani mwa mwandishi. Kanuni ya namna hii tunaitetea kwa nguvu zote.

Nani alivunja chupa?

Linganisha sentensi zifuatazo:

(a) Tulivunja chupa mbili za sampuli.
(b) Chupa mbili za sampuli zilivunjwa.
(c) Chupa mbili za sampuli zilivunjika.

Kisarufi, zote ni sahihi. Katika (a), kauli ya kutenda inamtaja mtendaji. Katika (b), kauli ya kutendwa inakiri kwamba yupo aliyevunja, ila inamficha. Katika (c), kauli ya kutendeka inamwondoa mtendaji kabisa, kana kwamba chupa zilijivunja zenyewe. Ikiwa chupa zilipasuka kwa joto la jua, (c) ndiyo sentensi ya haki. Ikiwa zilituponyoka mikononi, basi (a) ni wajibu, na anayeandika (c) anatumia sarufi kujifunika. Sentensi ya muundo wa (b) inafaa pale ambapo mtendaji hana umuhimu, kama katika "Mbegu zilinunuliwa sokoni". Msomaji hahitaji kujua ni nani aliyekwenda sokoni.

Hata hivyo, wanachuo wengi hutujia wakiwa wameambiwa kwamba lugha ya sayansi ni kauli ya kutendwa mwanzo hadi mwisho, na kwamba nafsi ya kwanza ni mwiko. Sisi hatuikubali kanuni hiyo kwa Kiswahili, kwa sababu mbili.

Kwanza, historia ya sayansi yenyewe haiiungi mkono. Isaac Newton, katika barua yake kuhusu mwanga na rangi iliyochapishwa mwaka 1672, alisimulia kwa nafsi ya kwanza jinsi alivyojipatia mche wa kioo na kutia giza chumba chake. James Watson na Francis Crick, walipotangaza umbo la DNA katika jarida la Nature tarehe 25 Aprili 1953, waliandika kwa nafsi ya kwanza wingi, katika makala isiyozidi kurasa mbili. Hakuna aliyesema kwamba makala hiyo si ya kisayansi.

Pili, muundo wa lugha yetu ni tofauti. Katika Kiingereza, kiwakilishi cha nafsi husimama peke yake mwanzoni mwa sentensi, na kikirudiwarudiwa huweza kusikika kama majivuno. Katika Kiswahili nafsi ni kiambishi ndani ya kitenzi. "Tulipima" ni neno moja tulivu lisilo na majivuno yoyote. Anayelikimbia hulazimika kuandika "Upimaji wa halijoto ya maji ulifanywa na watafiti", maneno manane mahali pa manne: "Tulipima halijoto ya maji." Wengine hujiita "mtafiti" katika nafsi ya tatu. Njia hiyo ina hatari yake: mwandishi anapomnukuu mtu mwingine ambaye pia ni mtafiti, msomaji hupotea asijue ni mtafiti yupi "aliyebaini" jambo linalotajwa. Ikiwa chuo kinalazimisha mtindo huo, mwanachuo autii, lakini ahakikishe kila "mtafiti" anatambulika.

Kauli ya kutendwa inapotumiwa, itumiwe vyema. Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni "Maji yalipimwa na kipimajoto". Kihusishi "na" humtambulisha mtendaji, ilhali "kwa" hutambulisha chombo. Kipimajoto hakina mikono. Sentensi sahihi ni "Maji yalipimwa kwa kipimajoto", na ikiwa watendaji ni muhimu, "Maji yalipimwa kwa kipimajoto na wanachuo wanne". Kosa hili dogo humpa chombo jukumu la binadamu, na katika ripoti jukumu ni jambo zito.

Tuonye pia juu ya vitenzi visivyo na mwenyewe: inasemekana, inajulikana, imethibitishwa. Inasemekana na nani? Imethibitishwa lini, kwa kipimo gani? Vitenzi hivi hupendeza masikioni, na mwanachuo huvitumia akiamini kwamba vinampa uzito. Sisi tumezoea kuandika swali moja pembeni mwa kila kimoja: "Nani?" Mwanachuo akishindwa kujibu, sentensi hiyo inaondoka.

Kuhusu kiambishi -ka-, wapo wenzetu wanaokipiga marufuku katika ripoti kwa madai kwamba ni cha hadithi. Tunatofautiana nao. Katika sehemu ya mbinu, utaratibu wa matukio ni sehemu ya maana: "Tulichemsha maji, tukasubiri dakika 2, tukasoma kipimajoto." Hakuna kiambishi kingine kinachoonyesha mfuatano huo kwa ufupi namna hiyo. Kukikataa kwa sababu bibi zetu walikitumia kusimulia ngano ni kuinyima sayansi chombo ambacho lugha imekwisha kukitengeneza.

Dhana moja, neno moja

Mwalimu wa Kiswahili hulelewa na fasihi. Amefundishwa kwamba kurudia neno ni udhaifu, na kwamba mshairi husifiwa kwa wingi wa visawe. Katika ripoti ya kisayansi sifa hiyo hugeuka kuwa kosa. Mwanachuo akiandika "halijoto" katika aya ya kwanza, "joto" katika ya pili na "jotoridi" katika ya tatu, msomaji atauliza kama ni dhana moja au tatu. Swali hilo lina msingi, kwa kuwa wanafizikia hutofautisha joto, ambalo ni nishati, na halijoto, ambayo ndiyo husomwa kwenye kipimajoto. Achague istilahi moja, aieleze inapotokea mara ya kwanza, kisha airudie bila aibu hadi mwisho.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hilo hutolewa zaidi na wasiofungua kamusi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, limekuwa likisanifu istilahi tangu hapo. Tatizo kubwa kwetu tulio nje ya Tanzania ni kwamba istilahi zilizopo hazifiki madarasani, na zinapofika, mwalimu anazibadilisha ovyo.

Vivyo hivyo kwa majina ya viumbe. Neno "mbu" linatosha nyumbani. Katika ripoti, mbu anayezungumziwa atajwe kwa jina la kisayansi, Anopheles gambiae: jenasi kwa herufi kubwa, spishi kwa herufi ndogo, na jina zima kwa herufi za mlazo panapowezekana, au kupigiwa mstari linapoandikwa kwa mkono. Utaratibu huo wa majina mawili, uliosimikwa na Carl Linnaeus katika karne ya 18, una faida ambayo mwalimu wa nchi zetu anaielewa upesi: mmea mmoja una jina moja Kiganda, jingine Kirundi na jingine Kiswahili, na jina la kisayansi ndilo linalowakutanisha wasomaji wote.

Maneno ya kukoleza nayo yapunguzwe. "Mbegu ziliota vizuri sana" ni sifa. "Mbegu 18 kati ya 20 ziliota baada ya siku 6" ni matokeo. Methali pia zibaki mahali pake. Tumewahi kusoma hitimisho la ripoti ya uotaji wa maharage lililofungwa kwa "Haraka haraka haina baraka". Methali ni nzuri, lakini haikupimwa.

Tarakimu, saa na tarehe

Eneo hili linatuhusu sisi wa nchi za jirani kuliko wengine. Nchini Uganda, kama Kenya na Tanzania, shule hutumia nukta kutenga desimali na mkato kutenga maelfu. Walimu waliosomeshwa kwa Kifaransa, kama ilivyo Burundi na Kongo, hutumia mkato kutenga desimali. Hivyo "1,500" kwa msomaji wa Kampala ni elfu moja na mia tano, na kwa msomaji wa Bujumbura inaweza kuwa moja na nusu. Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo uliamua mwaka 2003 kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato. Kwa kuwa zote zimeruhusiwa, wajibu unabaki kwa mwandishi: achague moja, aitangaze mwanzoni, asiichanganye na nyingine. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Maandishi yetu ya Kiswahili sasa yanavuka mipaka hiyo, na tarakimu zinavuka nayo.

Saa ni mtego mkubwa zaidi, kwa sababu umo ndani ya lugha yenyewe. Kwa hesabu ya Kiswahili, kama ilivyo kwa Kiganda na Kinyarwanda, saa mbili asubuhi ndiyo saa ambayo simu huonyesha 8:00. Mwanachuo mmoja alipima urefu wa miche kila siku, siku nyingine akaandika saa kwa mdomo wake na siku nyingine akaandika kwa simu yake. Jedwali lake lilionyesha vipimo vya usiku ambavyo havikufanyika kamwe. Ushauri wetu ni kutumia saa 24 katika majedwali, na katika aya kuongeza maelezo pale inapohitajika: "saa 08:00, yaani saa mbili asubuhi". Tarehe nazo ziandikwe kwa jina la mwezi, "3 Aprili 2025", kwa kuwa 03/04/2025 kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi.

Vizio vya kipimo viandikwe kila mara. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichokusudiwa kuizunguka sayari ya Mirihi kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa takwimu katika vizio vya paundi, na nyingine ikazipokea kana kwamba ni vya nyutoni. Mwanachuo anayeandika "urefu ulikuwa 12" bila kusema ni sentimita ameanza safari hiyo hiyo.

Pambizo na kalamu nyekundu

Yabaki sasa yale mambo ya sura ya nje: upana wa pambizo, aina ya fonti, kichwa cha jedwali kuwa juu na cha mchoro kuwa chini, namba za kurasa. Hatuyadharau. Kazi nadhifu ni heshima kwa msomaji, na taasisi ina haki ya kutaka kazi zote zifanane ili zilinganishwe kwa urahisi. Lakini tumeona ripoti zikirudishwa mara tatu kwa ajili ya pambizo bila yeyote kuuliza mbegu zilikuwa ngapi. Tumeona pia mwanachuo wa kijijini, asiye na kompyuta, akitumia nauli yake kulipia uchapaji upya kwa sababu fonti haikuwa ile iliyotakiwa. Hilo halikumfundisha sayansi wala Kiswahili.

Kwa hiyo, baada ya lile somo la maji, tulibadilisha utaratibu wetu wa kusahihisha. Kati ya alama 20, tunatoa 2 tu kwa sura ya nje. Zilizobaki zinagawanywa kati ya ukweli wa matokeo, usahihi wa viambishi vya wakati na kauli, uthabiti wa istilahi, na ukamilifu wa tarakimu na vizio. Pia tunamtaka kila mwanachuo aambatishe karatasi yake ya vipimo, hata kama ina madoa ya maji, ili tuone alichokiona kabla hajakisafisha.

Wewe mwalimu tarajali utakwenda darasani ambako watoto wengi wanaamini kwamba sayansi ni mali ya Kiingereza na Kiswahili ni lugha ya nyimbo na barua. Hutawabadilisha kwa hotuba. Utawabadilisha siku watakapoandika kwa Kiswahili walichokiona kwa macho yao, na wewe ukakiheshimu hata kama hakifanani na kitabu. Yule mwanachuo aliyenyanyuka kutuuliza leo ni mwalimu. Alama zake tulizirekebisha siku ile ile, mbele ya wenzake, nasi tukaomba radhi.

Maswali ya mjadala

1. Chukua ripoti moja uliyowahi kuandika. Pigia mstari vitenzi vyote vya kauli ya kutendwa na ya kutendeka, kisha eleza ni nani au ni nini kilichofichwa katika kila kimoja.

2. Eleza tofauti ya maana kati ya "Mmea huu hukua kivulini", "Mmea huu ulikua kivulini" na "Mmea huu umekua kivulini". Kila sentensi ingefaa sehemu gani ya ripoti?

3. "Mwanafunzi asiyefuata pambizo hawezi kufuata kanuni za utafiti." Unakubaliana na kauli hii? Toa sababu kutokana na uzoefu wako.